Admirali wa Bwawa la Mng'aro

Si zamani za kale wala si juzi. Ni hapo katikati, palikuwa na nchi ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na milima, maboga, mbuzi wenye adabu, na Bunge lenye viti vya kuzunguka. Kitu kimoja tu haikuwa nacho, nacho ni bahari. Ukitaka kuiona bahari ilikubidi uvuke mpaka, upigiwe mhuri, uikate nchi ya jirani yote, upigiwe mhuri mwingine, ndipo uanze kunusa shombo. Wananchi hawakulalamika. Mtu halilii maji asiyowahi kuyaoga.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Jenerali Mashaka Kilindi. Alikuwa Rais, Mwenyekiti wa Chama, Mkuu wa Vyuo Vyote, Mlezi wa Skauti na Amiri Jeshi Mkuu. Vyeo vyake viliposomwa redioni kabla ya taarifa ya habari, mtu aliweza kusonga ugali, akala, akanawa, ndipo habari zenyewe zikaanza. Sisi raia wema tuliona ni utaratibu mzuri, maana habari zenyewe hazikuwa na jipya.

Basi mwaka mmoja Jenerali Kilindi akaalikwa kwenye mkutano wa wakuu wa nchi, katika mji wa bandari ulioko mbali. Siku ya kufunga mkutano wageni wakapelekwa gatini kutazama meli za kivita. Jenerali alivaa gwanda lake la kijani lenye nishani nyingi kiasi kwamba akigeuka analia kama mkokoteni wa muuza vyuma chakavu. Gari lake lilipofika, dereva wa wenyeji akashuka kumfungulia mlango. Kabla hajamaliza kuufungua, akatokea bwana mmoja mwembamba, mavazi meupe pepepe, kifuani hana hata robo ya nishani za Jenerali. Filimbi ikalia. Kila aliyekuwa pale akasimama wima. Dereva naye akauachia mlango akapiga saluti, na Jenerali Kilindi akabaki mguu mmoja ndani ya gari, mwingine nje.

"Yule nani?" akamuuliza Waziri wake wa Ulinzi, Bwana Mpalange.

"Ni Admirali, Mheshimiwa."

"Anamzidi Jenerali?"

Waziri Mpalange alikuwa amedumu katika Baraza la Mawaziri kwa sababu hakuwahi kujibu swali kabla ya kujua jibu linalotakiwa. "Yule ni mkubwa wa majini, Mheshimiwa," akasema.

"Na mimi ni mkubwa wa wapi?"

"Wa... wa pakavu, Mheshimiwa."

Jenerali akanuna njia nzima ya kurudi nyumbani. Ndani ya ndege alikataa hata karanga. Walipokaribia kutua ndipo akafungua kinywa.

"Mpalange, nataka kuwa Admirali."

"Wazo la kizalendo sana, Mheshimiwa. Tatizo dogo tu ni kwamba bahari hatuna."

"Nimekuuliza habari za bahari?"

"Hukuniuliza, Mheshimiwa."

"Basi."

Muswada wa kuanzisha Jeshi la Wanamaji ukafikishwa bungeni chini ya hati ya dharura. Mbunge mmoja wa kaskazini akasimama kuuliza jeshi hilo litaelea juu ya nini. Spika akamweleza kwa upole kwamba swali lake ni la jiografia, na jiografia haimo katika ratiba ya siku. Sheria ikapita kwa kishindo cha meza. Jioni yake yule mbunge akagunduliwa kuwa na presha, akapelekwa mahali pa mapumziko ambako, tunaambiwa, mpaka leo anaendelea vizuri.

Wanamaji wakaandikishwa. Sifa kuu ilikuwa urefu, kwa kuwa sare nyeupe hupendeza mwilini mwa mtu mrefu. Mkuu wao akawekwa Kapteni Ngwilizi, aliyekuwa bingwa wa mieleka wa taifa, jitu la miraba minne lisilojua kuogelea na lililoogopa hata beseni kubwa. Mazoezi yalifanyika kwenye bembea za bustani ya watoto, ili miili izoee mawimbi. Daktari wa jeshi alipita na daftari akiandika nani ametapika. Waliotapika walipandishwa cheo, maana walionekana kuwa na vipaji.

*

Sasa Jenerali Kilindi, pamoja na mapungufu yake ambayo hakuwa nayo, aliwaheshimu wananchi wake. Alisema taifa haliwezi kupewa cheo lisichokijua maana yake. Akaagiza siku ya kuapishwa kwake isomwe hotuba fupi ya kueleza maana na asili ya neno Admirali, na akataka aletwe mtu wa kuiandika.

Mtu huyo alikuwa Daktari Sikudhani Mbegu, mwalimu wa historia ya maneno katika Chuo Kikuu cha Taifa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusema kweli bila kutazama imeangukia wapi. Watu wawili wenye miwani myeusi walimfuata darasani, wakasubiri amalize kipindi, wakamsaidia hata kufuta ubao. Wanafunzi wake walipoona jinsi ubao ulivyofutwa kwa heshima, wakaanza kulia.

Ikulu alikaribishwa chai. Jenerali alikaa upande huu wa meza, Waziri Mpalange akasimama ukutani.

"Daktari," akasema Jenerali, "nieleze. Admirali ni nini?"

"Neno lenyewe si geni kama linavyosikika, Mheshimiwa," akaanza Sikudhani, na uso wake ukachangamka, kwa kuwa alilipenda somo lake. "Ndani yake mna neno letu la kila siku: amiri. Limetoka Kiarabu, maana yake mwenye kuamuru. Ni ndugu wa neno amri. Ndilo hilohilo la Amiri Jeshi Mkuu."

"Kumbe nusu yake ninayo tayari."

"Unayo, Mheshimiwa. Sasa Waarabu walikuwa wakisema amir, halafu al, kama sisi tunavyosema 'wa', halafu wanataja kile anachokisimamia. Amiri wa hiki, amiri wa kile. Amir al-bahr ni amiri wa bahari. Watu wa Ulaya walilisikia huko Sisilia na kandokando ya Mediterania, wakalipenda, wakalichukua. Ila Kiarabu hawakukijua. Wengi wa wataalamu husema walidhani 'amiral' ni neno moja lililokamilika, wakaondoka nalo, bahari wakaiacha nyuma. Ile herufi d iliingia baadaye, walipolichanganya na neno lao jingine lenye maana ya kustaajabia."

"Mheshimiwa anastaajabiwa sana," akasema Waziri Mpalange kutoka ukutani.

Jenerali akamnyamazisha kwa kidole. "Kwa hiyo tukilitafsiri kama lilivyo, Admirali maana yake nini?"

"Amiri wa."

"Wa nini?"

"Hapo ndipo lilipokatikia, Mheshimiwa."

Chai ikapoa. Jenerali Kilindi akainuka, akaenda dirishani, akatazama bustani yake iliyokuwa pakavu kila upande.

"Nani aliikata bahari yangu?" akauliza.

Sikudhani akataka kueleza kwamba hakuna mtu mmoja aliyekata, ni mambo ya lugha, maneno husafiri na njiani hudondosha mizigo. Lakini Waziri Mpalange alikuwa ameshaona jibu linalotakiwa.

"Wakoloni, Mheshimiwa."

"Basi walichokikata tutakirudisha," akasema Jenerali. "Mimi siwi admirali wa nusu neno. Nitakuwa Amiri wa Bahari, kamili. Mpalange, bahari."

"Mheshimiwa?"

"Itafute."

*

Juu ya mji wa Bondeni palikuwa na bwawa linaloitwa Mng'aro. Wazee waliotutangulia walilichimba na kulijengea ukuta wa zege, na maji yake yalinywewa na Bondeni yote na nusu ya makao makuu ya nchi. Hapakuwa na maji mengine ya kutosha kutia hofu moyoni. Kwa hiyo Gazeti la Serikali likatangaza kwamba Bwawa la Mng'aro, tangu siku ile, ni Bahari ya Taifa. Korongo waliozoea kusimama matopeni pale wakaorodheshwa kuwa ndege wa baharini. Askari waliwekwa kandokando kuwarekebisha raia waliozoea kuliita bwawa.

Meli ikanunuliwa. Ilikuwa mtumba. Ilikuwa ikiwatembeza watalii katika ziwa la nchi ya jirani, nayo ililetwa vipande vipande juu ya malori, ikaunganishwa kando ya maji na kupakwa rangi ya kijivu ya kivita. Rangi haikutosha ndani, kwa hiyo milango ya vyumba vya kamandi iliendelea kuwa na picha za samaki wanaocheka.

Wakaishusha majini. Ikagusa chini. Mhandisi wa bwawa akasema maji hayatoshi kuibeba. Jenerali akauliza kwa nini bahari yake ina kina kifupi. Mhandisi akasema ni kwa sababu maji yanatoka kila siku kwenda kwa wananchi. Jenerali akashangaa sana kusikia kwamba wananchi wanainywa bahari. Akaamuru malango yafungwe mpaka itakapojaa.

Mama yake Sikudhani, Bi. Nyamizi, alikuwa na mgahawa hapo Bondeni, wa kuta za mabati na meza za mbao, wenye sifa ya maharage ya nazi hadi mji wa pili. Sikudhani alipokwenda kumtembelea mwisho wa juma, alikuta meza hazina watu na mama yake anafuta moja kwa tambara kavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ukae. Nawe usiniombe maji, nitaona haya."

"Hayatoki kabisa?"

"Bomba linakohoa tu. Wanawake wanakwenda kuchota mtoni kwenye madimbwi ya ng'ombe. Mtoto wa jirani anaharisha tangu juzi." Bi. Nyamizi akaketi. "Nasikia kuna msomi mmoja alimwambia Jenerali cheo chake hakijakamilika bila bahari. Mimi huyo msomi ningempata, ningemlisha haya maharage makavu hivihivi, mabichi, punje kwa punje."

Sikudhani akaangalia mikono yake. "Mama, msomi mwenyewe ni mimi."

Bi. Nyamizi aliendelea kufuta meza palepale alipokwisha kufuta.

"Ulimdanganya?"

"Hapana. Nilimwambia ukweli."

"Ukweli wote?"

"Wote."

"Sasa mwanangu," akasema mama yake taratibu, "mtu wa namna ile unampa ukweli mzimamzima? Hata mgonjwa hukatiwa nyama."

Wakati huo malori yakaanza kupita nje, moja nyuma ya jingine, yamefunikwa maturubai, yakipanda kuelekea bwawani. Dereva mmoja akaegesha, akaingia kuuliza kama kuna chakula. Bi. Nyamizi akamwambia kuna kiporo cha mihogo. Dereva akala, akaisifu, akasema ina kasoro ya chumvi.

"Chumvi imepotea sokoni," akasema Bi. Nyamizi. "Sijui imekwenda wapi."

"Ninayo mimi hapo nje, mama. Malori yote hayo ni chumvi."

"Ya nini?"

"Ya bahari. Wizara imesema bahari isiyo na chumvi ni udanganyifu kwa taifa. Siku ya sherehe Mheshimiwa akimaliza kuapa, sisi tunamwaga."

Dereva alisema hayo bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kesho atapeleka saruji. Kisha akaomba kipande kingine cha muhogo. Bi. Nyamizi akamtazama binti yake. Maji yaliyofungwa hufunguliwa. Maji yaliyotiwa chumvi hayana dawa, na kila mtu pale mezani alilijua hilo, pamoja na dereva.

*

Sikudhani akaenda kwa Waziri Mpalange. Waziri alimpokea ofisini, akafunga mlango, akafungulia redio kwa sauti kubwa.

"Daktari, hiyo chumvi mimi mwenyewe siitaki," akasema kwa kunong'ona. "Nyumbani kwangu tunakunywa Mng'aro. Mke wangu amenuna."

"Basi mwambie Mheshimiwa."

"Nimwambie nini? Kwamba bahari yake ni bwawa? Unajua aliyekuwa mhandisi yuko wapi sasa?"

"Wapi?"

"Anaendelea vizuri." Waziri akapunguza sauti zaidi. "Wewe ndiye uliyemwanzishia hili. Mimi nilikuwa nimemtafutia cheo tu. Wewe ukamtafutia maana."

Sikudhani akatoka pale akiwa na maneno hayo kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa amewafundisha vijana kwa miaka kwamba maana ya neno haimdhuru mtu. Sasa aliona mabomba yanakohoa kwa sababu ya neno moja lililodondoka njiani. Wazo la kwanza lilikuwa kutoroka; la pili kuugua. Siku ya sherehe ilipofika hakuwa ametoroka wala hakuugua, na gari la Ikulu likaja kumchukua.

Bahari ya Taifa ilikuwa imejaa hadi ukingo wa zege. Meli ilielea, imepambwa bendera, na juu yake Kapteni Ngwilizi na wanamaji wake walijipanga wakishikana viuno kwa siri. Waziri Mpalange alikuwa amesimama melini, upande wa mbele, ameshika mto mwekundu wenye kofia ya Admirali, akisubiri Mheshimiwa apande. Ufukweni palikuwa na jukwaa la viongozi. Kushoto kwa jukwaa, malori ya chumvi yalikuwa yamerudi kinyumenyume mpaka matairi yakalowa. Kulia walikuwa wanawake wa Bondeni walioletwa kwa mabasi kuja kuimba. Kila mmoja alikuja na ndoo tupu. Mkuu wa itifaki aliuliza ndoo za nini, wakamjibu ni za kupigia ngoma, akaridhika.

Filimbi ikapulizwa na mwamuzi mmoja wa mpira aliyeazimwa kwa shughuli hiyo. Sikudhani akaitwa kwenye kipaza sauti.

Karatasi aliyopewa ilikuwa imepitishwa na Wizara. Alisoma habari za amiri na amri. Alisoma habari za Sisilia. Alisoma namna wakoloni, kwa husuda, walivyoikata bahari. Akafika pale ilipoandikwa kwamba leo bahari inarudi kwa mwenyewe. Akainua macho, akamwona mama yake katikati ya wanawake, ndoo kichwani, amesimama kama mtu anayesubiri zamu. Akaikunja karatasi.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka upande wa pili wa maji, "liko jambo sikulisema Ikulu."

Mkuu wa itifaki akaangalia ratiba yake. Hapakuwa na jambo lolote hapo.

"Tulisema waliolichukua neno hili waliikata bahari kwa kutojua. Nimelitafakari upya. Amiri wa bahari ni mtu wa bahari tu. Akishuka ufukweni, madaraka yake yamekwisha. Muuza duka anaweza kumwambia apange foleni. Lakini amiri wa, bila kitu mbele yake, nani atamwonyesha mpaka?"

Jenerali Kilindi akavua miwani. "Rudia hapo."

Sikudhani akarudia.

"Kwa hiyo nikijiongezea bahari, najipunguzia?"

"Ukiongeza neno lolote, Mheshimiwa. Hata dunia. Watu watauliza, na mwezi je?"

"Na chumvi?"

"Chumvi ni mpaka, Mheshimiwa. Mataifa yatasema, yule ni wa maji ya chumvi peke yake."

Bendi ikasahau kupumua. Jenerali akawaza ule mji wa bandari, yule bwana mwembamba mwenye mavazi meupe, akamwona sasa jinsi alivyo kweli: mtu maskini aliyefungiwa baharini, asiye na neno lolote juu ya mbuzi, maboga, wala barabara. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu zile karanga.

"Ondoeni chumvi," akasema. "Na hiyo bahari pia iondoeni, inanibana."

"Tuiondoe vipi, Mheshimiwa?" akauliza mkuu wa itifaki.

"Ilikuja vipi?"

Basi malango yakafunguliwa. Maji yakatoka kwa mngurumo, yakashuka kuelekea Bondeni, na inasemekana bomba la uani kwa Bi. Nyamizi lilikohoa, likapiga chafya, likaanza kumwaga bila mtu kulishika. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia walio melini. Meli ikashuka pamoja na maji, ikakaa matopeni, ikalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Wanamaji warefu wa sare nyeupe wakateleza mmoja mmoja, wakazama hadi kifuani, na Kapteni Ngwilizi, bingwa wa mieleka, akamwita mama yake.

Wanawake wa Bondeni ndio walioingia. Walifunga kanga zao kwa kanga, wakatengeneza kamba, wakawavuta wale vijana wakiimba wimbo uleule walioandaliwa kuuimba. Wakawamwagia maji kwa ndoo, wakawafuta macho. Ngwilizi alivutwa na wanawake wengi sana, wakiongozwa na Bi. Nyamizi aliyekuwa akimwambia, "Tulia mwanangu, usirushe miguu, nimekushika." Waziri Mpalange alitoka wa mwisho. Matope yalimfika kwapani, kofia ya Admirali iko kichwani mwake, naye alikuwa anapiga saluti, haijulikani kwa nani.

*

Tangu siku hiyo redio ikawa inamaliza vyeo vya Jenerali kwa kusema, "...na Amiri wa," halafu inanyamaza. Raia tuliagizwa kuinamisha kichwa katika ukimya huo. Seremala mmoja alikamatwa kwa kumalizia sentensi akiwa kazini, ameshika ubao. Shuleni, mtoto aliyeuliza "wa nini" alipewa sifuri katika uraia.

Mwanzoni tuliona ni mchezo. Kisha mahakama ikauliza Serikali imetwaa mashamba ya watu wa mashariki kwa sheria ipi, na Mwanasheria Mkuu akasimama, akataja cheo cha Mheshimiwa, akanyamaza, akakaa. Kesi ikaisha. Chama cha walimu kilivunjwa kwa utaratibu huohuo. Kila tangazo lilikuwa na maelezo chini yake, kwa herufi ndogo: *kwa mujibu wa utafiti wa Dkt. S. Mbegu.* Wakampa nishani. Akaiweka jikoni, juu ya kabati, uso wake ukutani. Usingizi ukaanza kumkimbia. Alikuwa ameokoa maji ya watu, na kwa kuyaokoa akawa amemkabidhi mtu mmoja kila kitu kilichobaki.

Ndipo ikatangazwa kwamba Bondeni inatakiwa, ijengwe Ikulu ya Amiri wa. Wenye nyumba waondoke mara moja. Sikudhani akakimbilia kwa mama yake. Akamkuta anaosha mchele kwa maji mengi, mgahawa umejaa watu, sufuria zinachemka.

"Mama, wanakuja kuwatoa. Ni yale maneno yangu tena."

"Nimesikia redioni."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Tulikuwa na chaguo la kufa kwa kiu au kuhamishwa na mtu aliyeshiba vyeo. Ulichagua la pili, hata mimi ningechagua hilo. Shika hiki kijiko, ukoroge, nazi isikatike."

Malori ya jeshi yakasimama nje. Wanamaji, ambao sasa hawakuwa na bahari wala kazi nyingine, ndio waliopewa kazi ya kuhamisha watu. Kapteni Ngwilizi akainama kuupita mlango, sare yake nyeupe ikiwa na doa la tope ambalo hakuna sabuni iliyoliweza. Watu wakaacha kula.

"Mama," akasema Ngwilizi, na macho yake yakawa hayajui pa kukaa, "nimeleta amri."

"Isome, baba."

Akaisoma. Ilikuwa ndefu, yenye vyeo vyote, na alipofika kwenye "Amiri wa" akanyamaza kama kanuni inavyotaka. Ukimya ukawa mrefu. Nazi ikachemka. Alipomaliza akaishusha karatasi.

"Umeisikia, mama?"

"Nimeisikia vizuri," akasema Bi. Nyamizi. "Una sauti nzuri. Kuisikia nimeisikia. Kuitii ndio bado."

Ngwilizi akawageukia wale wengine mezani. "Na ninyi?"

"Tumesikia," wakasema watu, na mmoja akaendelea kumega ugali.

Kapteni akamtazama Sikudhani kama mtu anayetafuta kamba ya kushika. "Daktari, wewe ndiye unayejua haya. Amiri maana yake nini hasa? Bila hayo mengine ya mbele."

Sikudhani alikuwa bado ameshika kijiko. Safari hii hakupima jibu litaangukia wapi, wala hakulikata.

"Mwenye kuamuru. Hakuna zaidi. Neno halina mkono, kapteni. Halijawahi kumbeba mtu likamtoa nyumbani kwake. Hiyo kazi lazima aifanye mtu."

Ngwilizi akasimama pale kwa muda, jitu kubwa katika chumba kidogo. Nje vijana wake walikuwa wameshaanza kushuka malorini, wawili wakimsaidia mwanamke mmoja kushusha ndoo kichwani. Akaikunja ile karatasi mara nyingi, akavua kofia, akavuta kiti, akakaa.

"Maharage yapo, mama?"

"Yapo. Nawa mikono."

Wakala wote, kwa zamu, kwa sababu viti havikutosha. Alasiri Kapteni akapeleka taarifa Ikulu kwamba amri imesomwa kwa ukamilifu, kwamba wananchi wameisikia bila kelele wala fujo, na kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza "wa nini." Jenerali Kilindi alifurahi sana aliposomewa. Aliagiza amri nyingine zipelekwe Bondeni, na mpaka leo zinapelekwa, na watu wa Bondeni wanazisikiliza zote, wameketi.